Petroli Nayo Huoza

Nilipopiga stata mara ya saba
jirani wa ghorofani akatoa kichwa dirishani:
"Betri hiyo!"
Si betri. Taa zinawaka, honi inalia,
waipa zinafuta vumbi la miezi kumi na minne
na kulirudisha pale pale.
Injini ndiyo inayokataa,
inanung'unika kama mtoto aliyeamshwa anywe uji asioutaka.

Akaja wa dukani, akasema plagi.
Akaja kijana wa bodaboda, akasema tusukume.
Tukaisukuma Starlet ya mama hadi kwenye lami ya Segerea,
watu watano, na wa sita wa kupiga kelele tu;
ikashtuka mara moja, ikatema moshi, ikalala.
Bi Tegemea akasema isomewe.

Fundi Mwinshehe alifika saa nne na nusu
na mfuko wa rambo na mpira wa futi sita.
Alifungua mfuniko wa tanki,
akainamisha pua kama mpishi juu ya sufuria ya mwenzake.
"Hii ilitiwa lini?"

Risiti ilikuwamo kwenye droo ya dashibodi,
chini ya rozari na pipi za tangawizi,
wino wote umefifia,
ila ukiielekeza juani, neno moja: Barakuda.
Tarehe naijua bila risiti.
Ilikuwa Alhamisi. Jumapili yake hakuamka.

"Imeoza," akasema fundi.
Nikacheka. Maziwa huoza, samaki wa Feri huoza.
Petroli nayo?
"Huoza, dada. Ikikaa sana roho yake hutoka, hubaki gundi.
Piga stata mpaka Idi, haiwaki.
Tuimwage."

Akatumbukiza mpira, akavuta kwa mdomo, akatema,
nayo ikaanza kushuka, rangi ya chai iliyolala,
harufu ya vanishi ya makabati ya Keko.
Kidumu cha kwanza kikajaa.
Nikadhani yamekwisha.
Akaniomba cha pili.

Hapo nikakaa kwenye tofali.
Maana mama hakuwahi kujaza tanki maishani mwake.
"Elfu kumi," aliwaambia vijana wa sheli, kioo kimeshushwa nusu,
"elfu kumi, na usinizidishie."
Taa ya mafuta iliwaka miaka yote
tukaizoea kama taa ya barazani.
Gari halijazwi, alisema,
kama hujui linakwenda wapi.

Lita thelathini na nane.
Mama, ulikuwa unakwenda wapi?

Bukoba hazifiki.
Kwa shangazi Kibaha ni nyingi mno, labda uende mara kumi
na wewe na shangazi mlikuwa hamsemezani.
Dodoma zingefika, zikabaki kidogo.
Dodoma hatuna mtu.
Hatuna mtu ninayemjua.

Fundi akauliza kama bado nayataka yale mafuta.
Nikasema ya nini.
Akamimina kiasi kwenye kopo la rangi,
akaosha vipande vya kabureta kimoja kimoja kwa mswaki uliochakaa,
kisha akanawa humo humo, hadi viwikoni,
akijisugua taratibu,
grisi ikamtoka, zikaonekana kucha,
ikaonekana pete ya ndoa ambayo sikujua anayo.

Tukatia mapya, lita tano tu.
Stata ya kwanza, kimya.
Ya pili, kikohozi.
Ya tatu ikawaka, kuku wa Bi Tegemea wakatawanyika,
na jirani wa ghorofani akapaza sauti:
"Si nilisema betri!"

Mshale ukainuka kidogo, ukachoka.
Taa ya mafuta ikawaka, ile ile.
Magoti yangu yalikuwa yamebanwa na usukani;
mama alikuwa mfupi, kiti alikivuta mbele mpaka mwisho.
Fundi akainama dirishani, akanionyesha chuma cha kukirudisha nyuma.
Nikamwambia nakijua.